Vifungo Vitano

Walikuja Tabora na malori matatu,
wakashusha karne ya kumi na tisa
kwenye uwanja wa nyuma ya stesheni:
pembe za ndovu arobaini, za sponji,
minyororo ya plastiki iliyopakwa rangi ya kutu,
na gobori moja, la kweli,
ambalo mtaalamu wao alilifuta kila asubuhi
kama mama anayempangusa mtoto kamasi.

Mimi Nyamizi, fundi cherehani wa Ng'ambo,
nilipewa nguo: wapagazi themanini,
wiki mbili, nusu ya malipo mkononi.
Nikafungua marobota. Vitenge.
Vitenge vya tausi, vitenge vya pangaboi.

Nikasema, Bwana, hapa walivaa merikani,
walivaa kaniki, na aliyekosa alivaa ngozi.
Pangaboi lilikuwa halijazunguka katika nchi hii.
Akacheka, si kwa ubaya.
Kamera inapenda rangi, akasema.
Na mtazamaji, Mama, hatajua.

Huyo mtazamaji nilimtafuta usiku kucha.
Anakaa wapi, hata asiwe na bibi wa kumsimulia?

Siku ya pili kazi ilisimama kwa ajili ya kifungo.
Koti la Mzungu lilikuwa na vinne,
vitabu vinasema vitano.
Kikaagizwa Dar, kikaja kwa ndege,
na watu themanini wakakingoja juani
ndani ya mapangaboi yangu.

Kisha wakafungwa minyororo, wote.
Nikanyoosha mkono tena, kama niko darasa la saba:
wapo waliofungwa, ndiyo, na idadi anaijua Mungu;
lakini wapo waliokwenda kwa ujira,
waliotua mizigo njiani na kugoma posho ilipopungua.
Babu wa bibi yangu alikuwa mmoja wao,
alirudi toka pwani na jembe, na deni, na jina jipya.
Mwongozaji akaandika kitu kwenye daftari.
Minyororo ikabaki.

Basi nikaleta ushahidi.
Sandukuni mwa bibi Kalunde kuna kipande cha merikani,
cheupe kilichogeuka rangi ya chai:
alikivaa yeye, kutoka bahari mpaka Unyanyembe.
Tumekifukiza ubani. Tumekililia.
Tusajigwe, binti wa mavazi, akavaa miwani,
akageuza pindo. Muhuri wa bluu, umefifia.
Kiwanda cha Mwanza. Baada ya Uhuru.
Hakusema neno. Alikikunja kilivyokuja,
akanirudishia kwa mikono miwili.

Hata wewe, bibi?
Nani alikunong'oneza kwamba mtazamaji hatajua?

Nikashona. Ningefanyaje.
Pindo baada ya pindo, na treni ya Kigoma
ikipiga honi kila walipoita kimya.

Lakini Mihambo, mtoto wa dada yangu,
aliyepewa pembe namba kumi na saba,
aliona haya shingo yake iseme uongo.
Usiku aliipasua, akaijaza mchanga,
akaiziba kwa gundi ya viatu.
Hakumwambia mtu, hata mimi,
mpaka bega lilipochubuka na kuanza kutoa maji.

Mwezi uliopita wameileta filamu, kiingilio elfu mbili.
Koti lina vifungo vitano, nimevihesabu.
Na katikati ya msafara,
kwa sekunde tatu, labda nne,
kuna kijana amechelewa hatua moja,
mshipa wa shingo umekazana kama kamba ya ndoo kisimani,
mguu unaipapasa ardhi kabla ya kuikanyaga.

Bibi akanishika goti gizani.
"Yule," akasema. "Ndiye yule."

Kiunoni mwake pangaboi lilikuwa linazunguka.
Na habari za muhuri
bado sijamwambia.